Kalibu za Fundi Feruzi Tulizogawana kwa Ubavu

Siku ile kalibu za kumiminia wanyama wa mapambo zinagawanywa, tulikuwepo hawa. Mimi Nyangeta, ambaye kazini waliniitaga Mama Magori kwa jina la mwanangu wa kwanza. Bhoke, jirani yangu wa Kamunyonge, mpaka rangi wetu, aliyekuwa karibu kuolewa Bunda. Wandwi wa Butiama, mdogo wa marehemu mume wangu, yeye alipiga msasa na kufunga mizigo. Bi Zuhura, mke wa Fundi Feruzi, alipika chai. Mwanaidi, binti yao wa mwisho, alikuwa amerudi likizo kutoka chuoni. Na Mzee Idi, kaka mkubwa wa Fundi, mnunuzi wa pamba wa Bunda, ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika kalibu hata moja. Fundi mwenyewe hakuwepo. Alikuwa hospitali Mwanza, macho yote mawili yamefungwa bandeji.

Nawaandikia nyie mnaofanya kazi kwenye karakana pale Buhare kwa sababu Mwanaidi ameniomba. Mimi sasa nimepumzika, magoti yamekataa kusimama mezani. Shule niliishia darasa la nne kule Bugwema, kwa hiyo mtakapokuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe.

Kwa Fundi Feruzi nilienda kutafuta kazi ya kufagia. Mume wangu alikuwa amefariki, na nilikuwa nafulia watu nguo. Bi Zuhura nilimfuliaga mashuka, ndiye aliyesema huko nyuma ya nyumba kwa mume wake kuna vumbi haliishi. Nikaenda. Nikakuta chumba kimoja chenye dirisha kubwa, meza ndefu, na harufu inayokaa kooni kama dawa ya mbu. Kwenye shelfu kulikuwa na wanyama wadogo wamepangwa: nyumbu, kanga, samaki sato, samaki kamongo amejikunja kama nyoka, na ng'ombe. Hao walikuwa wanaenda kwenye maduka ya Bunda kwa wageni wa Serengeti, na wengine Butiama kwa watu wanaokuja kutembea.

Fundi aliniangalia kwa juu ya miwani.

"Unaweza kufagia?"

"Naweza, Mzee."

"Umelea watoto?"

Nikasema nimelea wanne. Akanipa kopo la poda, poda hii hii ya watoto wachanga, na brashi ya kunyolea ndevu.

"Basi weka fagio chini. Njoo umpake huyu."

"Huyu" ilikuwa ni kalibu ya nyumbu, mpira laini wa silikoni, nusu mbili zilizofunguka kama ganda la karanga, na ndani umbo la mnyama limezama. Nikapaka poda kama napaka makwapa ya mtoto, kidogo, halafu nikapuliza. Fundi akasema Wandwi amekuwa akimwaga poda kama anaweka unga kwenye uji. Ndivyo nilivyomjua Fundi. Hakukusifu, alimsema mwenzako.

Mnajua kwa nini tunapaka poda, lakini niseme kwa ajili ya atakayekuja kesho. Resini, ile dawa ya maji inayoganda ikawa mnyama, ikikuta mpira mkavu wenye poda, inateleza mpaka kwenye kona ndogo, kwenye kwato na masikio. Bila poda inasimama njiani na kufanya povu. Halafu unafunga nusu mbili kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, si kwa kukaza, kwa kushika tu. Ukikaza kalibu inajibana na mnyama anatoka amekonda. Bhoke alikuwaga na mkono wa kukaza. Tukawa tunawatambua nyumbu wake kwa mbavu.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa masika. Resini tuliyoitumia inachukia maji kuliko paka. Musoma ziwa liko pande zote, na mvua ikishuka hewa yenyewe ni maji. Mwaka wangu wa kwanza tulimimina nyumbu asubuhi ya mvua, tukageuka kunywa uji, kugeuka tena wamevimba mdomoni mwa kalibu kama maandazi. Wandwi akasema, "Shemeji, hawa wana mimba." Mimi nikacheka. Fundi hakucheka. Alituambia tubebe kalibu zote tuzianike juani, na kama jua hakuna tuzikalishe karibu na jiko la Bi Zuhura, na kopo la resini likishafunguliwa litumike liishe, maana likishavuta hewa limekufa. Tangu hapo masika ilitukuta tunapishana jikoni na sufuria za mchana, na Bi Zuhura hakulalamika hata siku moja. Namshukuru. Jiko lake limeokoa wanyama wengi kuliko mtu wa mifugo.

Kulikuwa na desturi moja ya Fundi ambayo sijaiona kwingine. Kazi ikiisha, kalibu haikulala tupu. Ilioshwa kwa sabuni, ikafunguliwa ikauke, halafu ikafungwa na mnyama wake ndani, ikalazwa kwenye ubao ulionyooka. Alisema mpira ukilala tupu unasahau umbo. Unalegea, unapinda, na siku ukija kumimina nusu mbili hazikubaliani. Tulisema "kulaza na mtoto". Watu wa nje wakitusikia, "Umeshamlaza na mtoto?", walidhani tunazungumzia mambo ya uzazi.

Ng'ombe ndiye aliyekuwa mnyama wa Fundi. Wengine aliwachonga kwa picha. Ng'ombe alimchonga kwa kukumbuka, dume la nundu la baba yake, lenye pembe zilizokwenda upande kisha zikapanda. Alimchonga kwa nta, na nta ile ilivunjika siku kalibu ya kwanza ilipofunguliwa. Kwa hiyo ng'ombe hakuwa mahali pengine popote duniani isipokuwa ndani ya ile kalibu, nusu hii na nusu ile, na kila nusu ilibeba pembe moja.

Tukafanya kazi hivyo miaka mingi. Sitaeleza vyeo, hatukuwa navyo. Halafu macho ya Fundi yakaanza kuingia ukungu. Kwanza akawa anachonga kwa kuinamia, kisha kwa kugusa, kisha akaacha kuchonga akabaki kukagua kwa kidole gumba. Kidole kile kilikuwa kikali kuliko macho yake ya zamani. Alipita mgongoni mwa mnyama akasema, "Mama Magori, hapa umeharakisha." Na kweli. Alipokwenda Mwanza kupasuliwa, tukaambiwa hatarudi kuona. Bi Zuhura akatuita, akasema karakana inafungwa, chumba kinapangishwa, na Fundi ameagiza kalibu tugawane sisi tuliozitumikia.

Tukaziosha zote. Tukazifungua, tukazitandaza juani kwenye mkeka, kila nusu peke yake, wale wanyama tukawaweka pembeni. Tulikuwa tunangoja zikauke tuzilaze kila moja na mtoto wake ndipo tupatane. Hapo akaingia Mzee Idi, na kanzu yake, ametoka Bunda na gari la pamba. Mdogo wake hayupo, kwa hiyo mgawaji ni yeye. Akaangalia mkeka, akaona vipande vingi vya mpira, akavigawa mafungu matatu yanayolingana, kwa haki kabisa, kama mtu anayegawa nyama. Hakupendelea. Nusu ya ng'ombe yenye pembe ya kushoto ikaja kwangu. Nusu ya pembe ya kulia ikaenda kwa Wandwi. Nyumbu upande mmoja kwa Bhoke, upande wa pili kwangu. Kamongo kichwa huku, mkia huko.

Mwanaidi alifungua mdomo. Mama yake akamkanyaga mguu, mimi niliona. Kaka mkubwa anapogawa, huwezi ukamwambia mbele za watu kwamba amekata kitu kisichokatwa. Tulisema, "Ahsante sana, Mzee." Tukanywa chai.

Nje Wandwi akanong'ona, "Si tubadilishane hapa hapa?"

Bhoke akasema, "Nyamaza wewe. Yuko dirishani."

Fundi aliporudi kutoka Mwanza tukaenda kumpa pole, karibu tuweke mikono kichwani, hatujui tuanzie wapi. Bi Zuhura ndiye aliyemwambia. Fundi akaanza kucheka mpaka akakohoa.

"Mmegawana ng'ombe kwa ubavu," akasema.

Nikamwuliza turudishane?

"Kaka amegawa. Akiwa hai sitagawa upya nyuma ya mgongo wake. Kila mtu atunze chake."

Ndivyo zilivyotawanyika. Mnataka kujua kalibu zinaendaga wapi karakana ikifa? Mimi nawaambia, nimeziona. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja, wakazipima kwa mkono wakazirudisha: si chuma, na si plastiki ya kuyeyusha. Ukizichoma zinabaki majivu meupe yasiyofaa hata shambani. Bhoke kule Bunda alikuwa na kanga, ambaye kalibu yake ilikuwa ya kipande kimoja na kwa hiyo ilimfikia nzima. Akawa anamimina mishumaa ya kigango chao, na Krismasi moja madhabahu yote ilikuwa na kanga wanaowaka vichwa. Mwingine jirani yake aliazima kalibu ya sato agandishe barafu ya watoto. Hapo nasema kwa ukali: kalibu iliyoshika resini haishiki chakula tena, hata uioshe vipi. Mimi zangu nilizilaza uvunguni mwa kitanda. Nusu ya ng'ombe niliilaza juu ya yule ng'ombe wake wa mwisho ambaye nilipewa, ingawa wajukuu walikuwa wameshamvunja pembe zote mbili kwa kumpiganisha na kopo.

Miaka ikapita. Mzee Idi akafariki, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa haki. Siku moja Mwanaidi akaja kwangu Kamunyonge, mtu mzima sasa, mama wa watoto, akakaa kwenye kigoda kabla sijamkaribisha.

"Shikamoo, Mama Magori. Nusu yako ya ng'ombe ipo?"

"Marahaba. Ipo. Kuna nini?"

Akasema ameacha kazi ya dukani kwa watu, amepata chumba Buhare, na resini ameshanunua. Wenye maduka ya Bunda wamekubali kumpokelea mzigo, lakini wote wanamuuliza ng'ombe. Bila ng'ombe hana karakana, ana kopo tu. Na kopo lenyewe aliyemuuzia alilifungua kumwonyesha, kwa hiyo lilikuwa linakufa taratibu. Akaongeza, kwa sauti nyingine, "Baba amedhoofika. Kila siku anauliza mkono wake utamshika tena lini yule ng'ombe. Nimemwahidi, Mama."

Nilitoa nusu yangu uvunguni. Ilikuwa imelala vizuri, lakini tundu la pembe lilishaanza kuwa kavu pembeni, mpira umezeeka. Nikamwambia ukweli: kalibu hii haina maisha marefu. Labda mara mbili, labda moja. Lakini hatuhitaji zaidi. Ng'ombe wote waliouzwa walishaondoka na wageni. Tukipata ng'ombe mmoja mzima mwenye pembe zote, tutamzungushia mpira mpya na kupata kalibu mpya. Huyu wangu asiye na pembe hafai, angezaa vipara wenzake.

Tukaenda kwanza Bunda kumchukua Bhoke. Alikuwa anapaka rangi kiti, akakiacha hapo hapo kikiwa na miguu miwili ya bluu. Tukaenda Butiama.

Wandwi tulimkuta kwake, mvi tupu. Tukasalimiana, tukauliza ng'ombe. Akakuna shingo.

"Shemeji, ipo. Ila inafanya kazi."

Akatupeleka nyuma ya nyumba. Nusu ya ng'ombe wa Fundi Feruzi ilikuwa chini ya mgomba, imejaa maji, na kuku watatu wanakunywa kwenye tumbo lake.

Bhoke akasema, "Wandwi, wewe ulipewa urithi ukaufanya bakuli."

"Bakuli lisilovunjika," Wandwi akajibu. "Nyie mnajua kuku wangu walivyonivunjia vyungu? Na nililiweka kwenye udongo ulionyooka. Sikulipindisha."

Kweli hakulipindisha. Lakini kuku walikuwa wamedonoa vile vifundo vya pembeni, vinavyoingia kwenye vishimo vya nusu yangu ili kalibu ikae sawa. Vimeisha vyote. Na tundu la pembe lilikuwa na matope ya miaka. Nililisafisha kwa unyoya na sabuni, kuku wenyewe wakatoa unyoya. Tukarudi na Wandwi, na njia nzima Mwanaidi alishika zile nusu mbili mapajani, anazikutanisha, zinateleza, anazikutanisha tena.

Buhare tulimkuta Fundi ameshaletwa, amekaa kwenye kiti karibu na meza, kofia kichwani. Tukampa nusu zote mbili. Akazipitisha kidole gumba.

"Hii ni ya Mama Magori. Hii... hii imeliwa na nini?"

"Kuku, Fundi," Wandwi akasema.

"Kuku wa Butiama wana meno." Akanyoosha mkono. "Yule mtoto wa ndani yuko wapi?"

Nikampa ng'ombe wangu kipara. Akamlaza kwenye nusu yangu, akafunika na nusu ya Wandwi, na kwa kuwa yule ng'ombe alikuwa ndani, nusu zikakaa zenyewe mahali pake, zimekumbatia. Akaomba spoku za baiskeli. Zikiwa zimekaa hivyo, tukatoboa kona nne za kalibu kwa spoku, tukazipitisha kutoka nusu moja mpaka nyingine. Tukafungua, tukamtoa ng'ombe, tukafunga tena kwa kufuata spoku. Hazikuteleza tena.

Mara ya kwanza alimimina Mwanaidi. Alimimina vizuri, uzi mwembamba. Tukangoja. Kufungua, ng'ombe alikuwa na pembe ya kushoto tu. Upande wa Wandwi hewa ilikaa tunduni, pembe haikujaa. Mbaya zaidi, kwenye nusu yangu mpira ulichanika kidogo pembe ilipotoka. Mwanaidi akaenda kusimama dirishani akatupa mgongo.

Fundi akagusa ule mpasuko. "Imebaki mara moja," akasema. "Nipeni njiti ya ufagio."

Tukaangaliana. Mtu haoni, na resini ikishachanganywa haikungoji. Lakini Bhoke alishachomoa njiti. Nikapaka poda. Nikachanganya. Fundi akachovya njiti, mkono mmoja umeshika mdomo wa tundu, mwingine unaingiza tone, anazungusha, anatoa, anaingiza, mpaka tundu la kwanza likajaa, halafu la pili. Akawa anasema peke yake, taratibu, kama anamsimamisha mnyama akamuliwe, ingawa lilikuwa dume. Tukafunga. Mwanaidi akamimina. Wandwi akagonga meza kwa ngumi polepole, povu lipande. Halafu tukakaa. Hakuna aliyetaka chai.

Alifungua Mwanaidi. Nusu ya Butiama ikatoka na pembe ya kulia ikabaki wima, nzima. Nusu yangu ilipovutwa ikapasuka kabisa, kutoka tunduni mpaka mgongoni, kama shuka kuukuu. Nikafumba macho. Nikasikia Bhoke anasema, "Ipo. Mama Magori, angalia, ipo."

Pembe zote mbili. Zimekwenda upande, kisha zimepanda.

Mwanaidi akamweka mikononi mwa baba yake. Fundi akapita kichwani, nundu, mgongo, akarudi kwenye pembe, moja baada ya nyingine.

"Mshono wa tumbo ni mnene," akasema. "Mnyoeni kwa wembe. Halafu mmimine mpira, leo leo."

Mwanaidi akasema mpira mpya alionunua hautoshi, kopo lake ni dogo, labda tungoje. Fundi akauliza, "Ile kalibu ya zamani si imekufa?" Nikasema imekufa. "Basi leteni mkasi."

Mimi sikujua hilo. Miaka yote ile kwake, sikujua. Mpira wa silikoni haushiki kitu chochote duniani isipokuwa mpira mwenzake. Ukiukata ule wa zamani vipande vidogo kama vya nyanya za mchuzi, ukavitia ndani ya ule mpya, vinashikana vinakuwa kitu kimoja, na kopo dogo linatosha. Fundi alikata yeye kwanza, ile nusu yangu. Kisha akampa Wandwi mkasi, akakata nusu ya Butiama. Bhoke akakata ile nusu yake ya nyumbu, nami yangu, maana nazo zilishapinda hazikubaliani. Tukavimwaga vyote kumzunguka yule ng'ombe, Mwanaidi akamimina mpira mpya juu yake.

Ndiyo hiyo kalibu mnayoitumia. Mkiikunja kwenye mwanga mtaona madoa ndani yake, mengine meupe, mengine ya njano. Yale ya njano ni ya kuku. Fundi aliishi kuwashika ng'ombe wengi waliotoka humo, na kila mmoja alimkuta na kosa. Namshukuru kwa makosa yote hayo. Namshukuru na Mzee Idi, maana angegawa vizuri kila mtu angekuwa na chake kizima, na sijui ningeenda Butiama kufanya nini.

Hivi ndivyo ninavyokumbuka mimi. Bhoke anasema kuku walikuwa wanne, na kwamba aliyekanyagwa mguu si Mwanaidi, ni yeye. Wandwi anasema hakuwa na mvi. Kama kuna jina nimelikosea au mtu nimemwacha, njooni Kamunyonge mniambie, nyumbani nipo, na mkija njooni na huyo ng'ombe wa wiki hii nimguse.